Shukrani kwa mzee wa kiti cha dirishani

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Mimi ni yule mama niliyepanda treni nawe Tabora kwenda Kigoma, mwenye dumu la asali lililovuja hadi kwenye begi lako. (Doa limetoka? Nilifuta kwa kanga, nikalieneza zaidi.)

Badala ya kukasirika, ulimgeukia binti yangu wa kidato cha pili aliyekuwa amekinunia kitabu cha baiolojia. Ukamwambia wewe ni profesa wa somo hilo hilo, mtoto wa mvuvi wa Ujiji, uliyeshika karabai kwenye mtumbwi wa dagaa huku ukimuuliza baba, chini ya wavu kuna nini? Ukamchorea ziwa nyuma ya tiketi: Tanganyika, kina cha mita 1,470, huko chini oksijeni hakuna, lakini bakteria wamo. Kisha Enceladus, mwezi wa Zohali, ambako mwaka 2005 chombo cha anga za juu kiitwacho Cassini kiliona mvuke na chembe za barafu zikiruka angani. "Kama wetu wanaishi gizani, kule je?" ukauliza, ukanyamaza makusudi.

Mpaka Uvinza mtoto alikuwa hajalala. Mie nililala, nasema kweli.

Kigoma ulishuka nikiwa bado natafuta kiatu, jina sikuuliza. Ile tiketi kaibandika juu ya kitanda. Jana kaniomba hadubini achungulie maji ya ziwa. Bei nimeisikia mjini, nikakaa chini. Ahsante sana, mzee wangu.