Shukrani kwa mzee wa Kinangop

Mzee wetu uliyetukuta kando ya barabara jioni ile, tukiulizia ndege aitwaye kweche wa Jackson huchezea wapi, pokea shukrani zetu. Hata jina hukututajia. Ulifunga mbwa, ukatupitisha shambani hadi kwenye malisho usiyoyalima. Tukawaona madume, weusi ti, mikia mirefu imepinda, kila mmoja akirukaruka kwenye duara la nyasi alizozilaza mwenyewe, fungu moja limesimama katikati, majike wakitazama na kuchagua. Tulifurahi mno! Huko Kinangop, Kenya, nyasi zinapungua kwa kilimo, na bila nyasi kweche huyu hana pa kuchezea wala kutaga. Asante kwa kuyatunza malisho yale. Mungu akubariki, wewe na mifugo yako.