Mhariri, ukurasa wa hisani msiufunge Januari, baridi bado ipo

Mhariri, salaam kwako na kwa wote hapo chumba cha habari.

Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa matangazo ya jamii. Desemba ulijaa mpaka jicho linakosa pa kutua, huku changizo, kule chakula cha pamoja, huyu anakusanya midoli, yule mablanketi, halafu mwaka ukageuka na ukurasa ukapotea kama vile umaskini nao umeenda likizo. Sisi wasomaji wenu tulioko kwenye nchi za theluji tunajua Februari na Machi ndiyo miezi inayochosha kuliko yote, na wenzetu wa upande wa kusini wa dunia hali hiyohiyo inawakuta Agosti. Ombi langu ni moja tu, urudisheni ule ukurasa mpaka baridi iishe kabisa. Sababu zangu ni hizi, mnivumilie maana nina maneno mengi.

Watu wengi wanadhani baridi mbaya ni ile ya theluji nyeupe ya kwenye picha za sikukuu. Hapana jamani. Kwa mtu anayelala nje mwisho wa msimu una ubaya wake, kwa sababu mchana theluji inayeyuka, usiku inaganda tena, na hapo katikati ni maji matupu. Viatu vinalowa, soksi zinalowa, na mtu hana pa kuzianika, anatembea nazo hivyohivyo kutwa kucha. Na mguu hauhitaji barafu ili uharibike, ukikaa na unyevu muda mrefu hata kwenye nyuzi joto 10 hivi unakufa ganzi, unavimba, ngozi inachubuka na kuoza, ndiyo ileile shida iliyowatesa askari kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo soksi ya mwezi Machi inaweza kuwa na kazi kubwa kuliko koti la Desemba. Na iwe ya sufu, maana pamba ikilowa haina msaada tena, sufu hata ikiwa na unyevu bado inajitahidi kushika joto. Makoti watu wanayatoa kwa wingi kwa sababu kila nyumba ina koti la zamani kabatini, lakini nani ana soksi za zamani anazoweza kumpa mtu bila aibu? Hakuna, soksi lazima inunuliwe mpya, ndiyo maana wanaoendesha makazi ya wasio na nyumba wanalia nazo kila mwaka.

Halafu kuna damu. Hii sioni ikitangazwa kwenye orodha za zawadi na mimi naona ndiyo zawadi nzuri kuliko zote kwa mtu asiye na hela. Damu haiwekwi akiba kama mchele. Chembe nyekundu zinakaa kwenye friji siku 35 mpaka 42 kutegemea dawa ya kuhifadhia iliyotumika, na zile chembe sahani za kugandisha damu zinakaa siku 5, labda 7, basi. Sasa piga hesabu mwenyewe, mtu aliyejitolea damu 24 Desemba kwa moyo wa sikukuu, damu yake hata ikitunzwa vizuri kabisa ikifika tarehe 4 Februari muda wake umekwisha. Na Februari ndiyo wachangiaji wana mafua, barabara zina barafu, kambi za kuchangia zinaahirishwa kwa ajili ya dhoruba. Ila kuna habari njema humohumo, Marekani kwa mfano mtu akishatoa damu kamili anasubiri siku 56 ndipo atoe tena, yaani yuleyule wa 24 Desemba tarehe 18 Februari yuko tayari. Hivi gazeti likiweka tangazo dogo wiki hiyo, "wewe uliyetoa Krismasi, zamu yako imefika", litapungukiwa nini?

Najua mtasema Desemba ndiyo watu wanatoa. Kweli wanatoa, na kuna sababu zake ambazo wala si za kiroho. Marekani mwaka wa kodi wa mtu binafsi unafungwa 31 Desemba, anayetaka punguzo lazima awe ameshatoa, na tangu 2012 kuna ile GivingTuesday, siku ya kuhimiza watu watoe, Jumanne inayofuata sikukuu yao ya Thanksgiving, kampeni zote zinarundikana hapo. Lakini angalia Uingereza, mwaka wao wa kodi unaisha 5 Aprili, na kwa ule mpango wa Gift Aid kila pauni 1 anayotoa mlipakodi, taasisi inadai pensi 25 zaidi serikalini, mtu ajaze tu fomu. Kwa hiyo msomaji wenu wa kule Machi ana sababu ya kupekua risiti zake na kutoa kabla kalenda haijafunga. Na tusisahau imani zetu. Mwaka huu wa 2026 Kwaresima ilianza 18 Februari na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo, Wakristo na Waislamu wakafunga pamoja kwenye kipupwe kilekile, sadaka zinatembea, zaka zinahesabiwa, watu wana nia kabisa ya kutoa, wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kinachohitajika jirani yao ni nini.

Na bili jamani, bili. Hita iliyowashwa Januari inalipwa Februari. Kuna sehemu serikali inakataza kampuni kukata umeme au gesi wakati wa baridi, jimbo la Wisconsin kule Marekani katazo hilo linaanza 1 Novemba mpaka 15 Aprili, jambo zuri sana, lakini deni halifutwi, linalala tu. Ikifika 16 Aprili linaamka lote kwa pamoja na familia inakatiwa huku maua yameshaanza kuchanua na kila mtu anadhani shida zimekwisha. Kumlipia mtu sehemu ya bili mwezi Machi hakuna picha nzuri ya kupiga, hakuna utepe, lakini muulize mama mwenye watoto wadogo atakwambia angechagua nini kati ya hiyo na kikapu cha pipi.

Sasa nije kwenye zawadi zenyewe maana hapo ndipo watu wanachanganyikiwa. Siku hizi kuna zawadi ya kutoa kwa jina la mtu, unamwambia rafiki yako siku ya kuzaliwa au Valentine, "nimetoa mbuzi kwa jina lako", anapata kadi yenye picha ya mbuzi. Wazo ni la zamani kidogo. Dan West, mkulima Mmarekani, aligawa maziwa kwa wakimbizi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, akachoka kugawa vikombe akasema bora wapewe ng'ombe, ndipo 1944 mitamba 17 ya kwanza ikasafirishwa kwenda Puerto Rico, na sharti likawa kwamba ndama jike wa kwanza anapewa familia nyingine. Ndiyo mwanzo wa shirika la mifugo la Heifer International. Mimi napenda sana lile sharti, maana aliyepokea naye anakuwa mtoaji, haachwi amenyoosha mkono maisha yake yote. Lakini soma maandishi madogo. Kwenye katalogi nyingi za namna hii mbuzi ni mfano tu, hela inaingia kwenye mfuko wa jumla inaenda panapohitajika zaidi. Si wizi, wameandika palepale chini, na mara nyingi ndivyo inavyofaa, ila usimwambie mtoto kwamba kuna mbuzi ana jina lake mahali halafu aje akuulize anaendeleaje.

Kwa kijana anayejifunza mambo ya hela mimi naona mkopo unafaa kuliko mbuzi. Kiva, taasisi ya kukopesha watu kupitia mtandao, ilianza 2005 na wafanyabiashara wadogo wa Uganda, unakopesha dola chache tu, ukirudishiwa unakopesha mwingine, hakuna riba unayopata wewe, na mkopaji asipolipa hela imekwenda. Kijana anafungua simu anaona marejesho yanaingia kidogokidogo, anaanza kuuliza maswali, kwa nini huyu kachelewa, kwa nini yule wa kati anayempelekea mkopaji hela anatoza riba. Maswali hayo ni sehemu ya zawadi.

Ila kuna aina moja ya mtu usimpe zawadi ya jina, yule ambaye mwenyewe hana. Mpwa wako amepunguziwa kazi Januari, halafu wewe unampa kadi kwamba umelisha kuku wa watu wengine kwa niaba yake! Mpe vocha ya dukani au mpelekee kitu mkononi bila maneno mengi. Na pia isiwe njia ya kumsema mtu, maana wapo wanaotoa zawadi ya hisani kwa shemeji mpenda mapambo ili ajifunze kitu, hiyo ni mahubiri yamefungwa kwenye bahasha na kila mtu mezani anajua.

Kuhusu shughuli za jamii, kwakweli nimechoka na zile karamu za tiketi ghali ambapo nusu ya hela inaishia kwenye ukumbi, maua na mpiga muziki, waliochangiwa wenyewe hata kuingia hawawezi. Nzuri ninazozijua zote ni rahisi. Kuna ya mabakuli, Empty Bowls wanaiita, ilianza Michigan 1990 na mwalimu wa sanaa John Hartom. Wanafunzi wanafinyanga mabakuli ya udongo, wanayapaka rangi na kuyachoma, mgeni anachagua bakuli lake mezani, moja limepinda, lingine lina alama ya kidole gumba cha mtoto kwenye ukingo, anachangia, anamiminiwa supu na kipande cha mkate, akimaliza anaenda na bakuli nyumbani. Hela inaenda kwa wenye njaa. Shule yoyote yenye tanuri inaweza kufanya hivyo, na isiyo na tanuri iombe bakuli moja moja kwa kila nyumba ya mtaa. Mwaka huohuo wa 1990 vijana wa kanisa moja South Carolina walisimama mlangoni na masufuria ya supu siku ya fainali ya mpira wao wa Kimarekani wakiomba dola moja moja, leo ni jambo la nchi nzima. Na Kanada tangu 2011 wana matembezi ya usiku wa Februari, Coldest Night of the Year, familia zinatembea kilomita 2 au 5 jioni kwenye baridi ileile, kila timu inachangia taasisi ya mji wake. Mtu akirudi hapo masikio yanamuuma haambiwi tena maana ya kukosa nyumba.

Niongelee na vitu vinavyoletwa maana hapa mhariri mnaweza kutusaidia sana. Ingia chumba chochote cha kuchambulia misaada mwisho wa Februari utayaona yaleyale, mfuko mweusi umefungwa mafundo matatu, ukifungua kuna kiatu kimoja, jaketi zipu imekufa, shati la kipupwe limechanganywa na suti ya kuogelea, na chini kabisa makopo ya chakula yaliyopitwa na tarehe miaka miwili. Watu wa kujitolea wanamaliza jioni nzima wanatenganisha, na kinachotupwa taasisi inalipia kukitupa. Kwa upande wa chakula hela ni bora zaidi, kwa sababu benki za chakula zinanunua kwa jumla, hela unayonunulia kopo moja dukani wao wanapata zaidi ya kopo moja, tena wanachagua kilichopungua. Kama mkono wako unataka kushika kitu basi piga simu kwanza uulize. Jibu la Machi mara nyingi litakushangaza, watakwambia mablanketi wanayo ila wameishiwa nepi, pedi, sabuni ya kufulia, miswaki, mafuta ya ngozi maana baridi imepasua mikono ya watu. Nchi nyingi sehemu za kulala za muda zinafungwa Machi, wengine wanarudi nje wakati usiku bado unaganda, kwa hiyo mabegi imara ya mgongoni na makoti ya mvua yanahitajika palepale ambapo sisi tunafikiria kufunga kampeni.

Kwa hiyo mhariri naomba ukurasa urudi kuanzia wiki ijayo ukiweza, hata kama ni safu moja pembeni. Kila tangazo liseme kinachohitajika wiki hiyo, kinachokataliwa (hili msilione aibu kuliandika), saa za kupokea, na kama ni shughuli ya kuchangisha basi waseme gharama za shughuli ni kiasi gani na kinachobaki kinaenda kwa nani. Anayekataa kusema hayo mnyimeni nafasi. Na mkipata mwandishi mmoja apite baada ya shughuli aulize kilichopatikana akiandike, wasomaji watajua pa kutoa tena mwakani.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi