Somo, Usiifunike Darubini

Rujewa,
Jumapili, 6 Julai 2025

Kwako somo yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipokea Alhamisi kutoka kwa kondakta, bahasha imekunjika pembe lakini salama. Huku wazima, alhamdulillahi. Mpunga unaingia mashineni kutwa, na vumbi la pumba limetanda hadi ndani ya vikombe vya chai.

Nimeisoma mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa nafurahia mwandiko wako tu. Ya tatu ndiyo iliyonikaa rohoni, pale uliposema darubini umeizungushia shuka na kuipandisha juu ya kabati, maana anga la Dar halikupi kitu, na daftari lako la ile nyota tunayoingoja ilipuke tangu Machi ni "sikuona, sikuona" kurasa nne mfululizo, hadi ukaona haya kumpelekea mtu. Leo mashine imezimwa, nina siku nzima. Nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza nikuulize, ni lile shuka jeupe? Lile la tarehe 1 Septemba 2016? Kwangu mimi mambo yote haya yalianzia juu ya shuka lile. Watu walijaa Rujewa siku ile kama mnada, kila mtu na miwani yake, wote wameinua videvu kungoja jua lipatwe. Mtoto akaita "Zuhura!", tukageuka wawili. Wewe ulikuwa peke yako uliyeinamia chini. Ulikuwa umetandaza shuka chini ya mwembe, na mwezi ulipoingia katikati ya jua, nuru iliyopenya majani ikamwagika pale juu ya kitambaa kwa vipete, mamia ya vipete, vingine vimepandana kama magamba ya samaki. Ukachukua kalamu ukazungushia kimoja, ukaandika saa pembeni. Nikakuuliza unaandika nini, na kila mtu hapa ameona? Ukaniambia babu yako wa Pangani alikuwa akisema jambo la angani lisipowekewa siku halina kazi baharini.

Sasa wewe uliyenifundisha hivyo unaona haya kwa ajili ya "sikuona"?

Unaijua ile alama ya < tunayoiweka mbele ya namba tunapopeleka makadirio ya mwangaza wa nyota AAVSO, kile chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza. Nadhani hatukuwahi kuizungumza vya kutosha. Kuandika <4.1 si kukiri kushindwa. Ni kusema: nilikuwepo saa hii, nyota dhaifu kuliko zote niliyoiona karibu na pale ilikuwa ya daraja la mwangaza la 4.1 (namba ikipanda, nyota imefifia), na hii tunayoingoja ilikuwa haijafika hapo. Habari hiyo imekamilika. Chama kile kimekuwa kikikusanya makadirio tangu 1911, kutoka kwa wakulima, walimu, mafundi, mtu yeyote wa nchi yoyote anayeomba herufi zake za utambulisho, na makadirio ya aina hiyo yana nafasi yake humo.

Acha nikusimulie habari ya Albert Jones wa New Zealand. Huyu alifariki 2013 akiwa ameacha makadirio zaidi ya 500,000, yote kwa jicho lake mwenyewe. Usiku wa tarehe 23 Februari 1987 alikuwa akizunguka na nyota zake za kawaida ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, lile doa jeupe tunaloliona kusini mwezi wa Desemba. Hakuona kitu kipya, akaendelea na kazi. Usiku uliofuata, Ian Shelton na Oscar Duhalde wakaiona supanova, nyota iliyolipuka, kutoka Chile, na Jones mwenyewe akaiona kwake bila kuambiwa na mtu. Ndiyo 1987A, ya kwanza kuonekana kwa macho matupu tangu karne ya 17.

Hapo ndipo ule usiku wake mtupu ulipogeuka kuwa dhahabu. Mitambo iliyozikwa chini ya ardhi Japani na Marekani ilikuwa imenasa nyutrino, chembe ndogo mno, kutoka kwenye nyota ile tarehe 23, saa 7:35 kwa saa za Greenwich, hesabu ya Kizungu. Wanafalaki wakataka kujua: nuru yenyewe ilitoka muda gani baada ya hapo? Jones alikuwa ameangalia mahali palepale kama saa 9:22, na hapakuwa na nyota mpya. Picha iliyopigwa Australia saa 10:38 inayo tayari, imefika daraja la 6. Kwa hiyo mlango wote ni wa saa moja na robo tu, na upande mmoja wa mlango huo umeshikwa na mtu aliyetazama asione kitu. Somo, nilipoielewa habari hii nilitoka nje nikasimama uani bila hata kubeba darubini.

Na sasa tuje kwenye nyota yetu, T ya kundi la Taji la Kaskazini. Mwaka jana walisema italipuka kabla ya Septemba. Septemba ikapita, ikapita na miezi mingine, nawe ukachoka. Mimi nilikuwa na kosa langu tofauti. Nilitoka nje zaidi ya mara sitini, lakini usiku nilioandika ni kumi na nne, ile mizuri tu yenye anga safi. Nilipoyapanga makaratasi Desemba niliona aibu ya kweli. Nyota ile ingepanda usiku mmoja kati ya hizo nyingine, mtu akauliza nani alitazama Tanzania saa tatu, ningejibu nini? Kwamba nilikuwepo lakini sikuandika?

Unajua kwa nini tunaingoja. Kibete cheupe, nyota ndogo iliyozeeka, kinanyonya gesi ya jitu jekundu, nyota kubwa iliyovimba, lililo pembeni yake, gesi inarundikana juu yake hadi inalipuka, kisha mrundikano unaanza upya. Ililipuka 1866, John Birmingham akaiona Ireland. Ikalipuka tena Februari 1946. Miongoni mwa walioiona safari hiyo ni mvulana wa miaka 15 huko Wales, Michael Woodman. Aliyeikosa ni Leslie Peltier, na hadithi ya huyu ndiyo nataka uishike.

Peltier alikuwa mtoto wa shamba wa Delphos, Ohio. Darubini yake ya kwanza aliinunua kwa dola 18, na hizo dola alizipata kwa kuchuma matunda ya stroberi kwa senti mbili kila kipimo, vipimo 900. Naijua kazi ya kulipwa kwa kipimo, nimeifanya kwenye mpunga, na kila nikifikiria hivyo vipimo 900 mgongo unaniuma. Alikuja kugundua nyota za mkia 12 na kuandika makadirio zaidi ya 130,000. Nyota hii ya T aliitazama zaidi ya miaka 25, na karibu miaka yote hiyo ilikuwa imetulia tu kwenye daraja la 10. Usiku ule wa Februari aliamka saa nane na nusu kama alivyopanga, anga safi, lakini akahisi koo linawasha, mafua yanakuja. Akarudi kitandani. Nyota ikalipuka usiku uleule. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba kosa lilikuwa lake, ila mapenzi kati yake na nyota hiyo yalipoa.

Watu husimulia hadi hapo, wakasikitika. Mimi nasema hadithi haijaisha. Mwaka mmoja hivi kabla ya mlipuko, nyota ile ilififia kidogo, na tunalijua hilo kwa sababu Peltier na wenzake waliandika zile namba za kuchosha, usiku baada ya usiku. Ilipofifia tena mwaka 2023, wanafalaki walifungua kumbukumbu za 1945 wakalinganisha, ndipo wakasema jiandaeni. Kwa hiyo mimi na wewe tunaingoja kwa sababu ya usiku ambao Peltier hakupata kitu cha kusimulia. Ule mmoja alioukosa aliuona mvulana wa Wales. Zile za miaka 25 nani angemwandikia?

Sasa uniambie Dar huwezi. Unaweza, na hata darubini huihitaji. Karibu na saa tatu na nusu usiku geukia kaskazini, uinue macho kupita kidogo nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Arcturus, ile ya rangi ya chungwa, iwe kushotoni kwako. Taji kwa kwetu linakaa kama bakuli lililofudikizwa. Nyota yake kubwa, Alphecca, ni ya daraja la 2.2, na nina hakika taa za mtaani kwenu haziimezi. T iko upande wa kulia, ncha ya bakuli, juu kidogo ya ile ndogo ya mwisho. Ikilipuka inatarajiwa kulingana na Alphecca. Kwa hiyo ukitoka kutupa taka, ukaona nyota moja tu pale na si mbili, umeshapata cha kuandika: <2.2. Dakika moja. Na itapanda kwa saa chache, kisha ndani ya wiki moja hivi itakuwa imepotea machoni. Huku kwetu kukiwa na wingu siku hizo, nani atakuwa macho yangu? Anga lako baya ni la thamani usiku ambao langu limezibwa.

Jambo jingine, taa zenyewe ni za kuandikwa. Upo mradi wa dunia nzima, Globe at Night, ulioanza 2006, unaowaomba watu waangalie kundi moja la nyota na kulinganisha wanachokiona na ramani zake, ili ijulikane usiku unapotea wapi na kwa kiasi gani. Jaribu Msalaba wa Kusini. Ngoja mwezi uondoke, kuanzia tarehe 15 hivi, utoke saa mbili usiku. Kutoka hapa naiona nyota ya tano, ile ndogo iliyokaa pembeni ya mti wa msalaba, bila kukaza macho. Wewe unaziona tano au nne? Kama ni nne, ni habari nzito hiyo, na hakuna anayeweza kuitoa isipokuwa mtu wa Dar.

Na Novemba Betelgeuse, ile nyota nyekundu, itarudi jioni. Hujasahau Januari na Februari 2020, tulivyokuwa tunapigiana simu, wewe Pangani mimi hapa, kila mmoja akatae kutaja namba yake kwanza asije akamwambukiza mwenzake? Ilitoka karibu na daraja la 0.5 ikashuka hadi kama 1.6, sawasawa na Bellatrix jirani yake. Wengi walidhani inataka kulipuka. Mwaka uliofuata ikaelezwa kwamba sehemu ya uso wake ilipoa na wingu la vumbi lake yenyewe likaifunika. Namba zako zilikuwa nzuri kuliko zangu. Jicho hilohilo bado unalo.

Alfajiri ya leo niliamka kabla ya adhana. Saa kumi na moja Zuhura, mwenye jina letu, alikuwa juu ya miti ya mashariki, anang'aa hadi anatia kivuli hafifu kwenye turubai la kuanikia mpunga, na kushoto kwake Kilimia kimejikusanya kama punje zilizomwagika. Nikamkumbuka babu yako: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimeandika saa, nimeandika umbali kati yao, kama vidole vitatu mkono ukinyooshwa na ziada. Toka nawe kesho ukaangalie, atakuwa ameanza kusogea kuelekea nyota ya Aldebaran.

Jana usiku, kwa T, mwezi ulikuwa mkubwa na moshi wa mashambani umetanda. Niliiona ile ndogo ya ncha ya bakuli kwa shida. Nimeandika <4.1, na nimepeleka.

Nakutumia kilo tano za mchele mpya wa hapa, umekobolewa juzi. Ramani ya Taji nimeichora kwa mkono, namba za nyota hazina nukta kama kawaida yao, 41 ni 4.1, usije ukadhani nukta ni nyota. Nimeitia kwenye mfuko wa nailoni katikati ya mchele isilowane. Itafute kabla hujaumimina kwenye ndoo. Na hizo kurasa nne zinakili vizuri, uweke saa kwa kila moja kama unazikumbuka, nitumie kwa kondakta huyuhuyu. Anarudi Jumatano.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi somo yako,
Zuhura