Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Kamati ya Wavuvi kwa Wanachama

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Doria, usafi wa diko letu la kushushia samaki na matengenezo ya boti vimefanyika kama mnavyojua. Kati ya wanachama 60, waliomaliza ada ni 27. Zimepatikana Sh 324,000. Mafuta Sh 210,000, maboya na kamba Sh 95,000, baki Sh 19,000.

Nitarefusha kuhusu kufungwa mwamba wa pweza, usivuliwe kwa miezi mitatu, maana yamesemwa mengi. Nimeambiwa niliwaficha wapiga mbizi nikaenda kwa akina mama kwanza. Kwa akina mama nilianza, na hata leo ningeanza hapo. Wao ndio wanaoshuka kwa miguu maji ya bamvua yakipwa. Mpiga mbizi ana ngarawa ya kumfikisha mwamba mwingine. Mama mwenye ndoo na chuma chake cha kuchokolea pweza atakwenda wapi? Mmoja wao aliniuliza, "Miezi yote hiyo watoto wale nini?" Kwa swali hilo tukaubakisha wazi upande wa karibu na pwani. Lau tungetangaza kwanza kwa kipaza sauti, mipaka ingekwisha kuwekwa na swali lake lingeitwa ubishi.

Wapiga mbizi waliitwa kikao chao, wengi hawakuja. Ndipo Ijumaa, baada ya sala, tukatangaza yote pamoja: panapofungwa, sababu, siku ya kufungua na wa kumpelekea malalamiko. Sababu tuliieleza kinagaubaga. Pweza hukua upesi mno, hata akiachwa miezi michache huongezeka uzito, na jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai bila kula mpaka akafa. Kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska walianza kufunga mwaka 2004, na wenzetu wa Kisiwa Panza, Pemba, nao wamefunga.

Pamoja na hayo, mtu asiyehudhuria kikao hata kimoja akasambaza ujumbe wa sauti kwamba mwamba umeuzwa kwa hoteli. Vijana wa doria, wanaokesha bila malipo, wakatukanwa njiani na baadhi wakaacha. Hilo limeniuma kuliko yote niliyosemwa mimi.

Siku ya kufungua mliona wenyewe pweza walivyopimwa kwenye mizani.

Mwakani, inshaallah, tunatarajia kufunga tena hali ikiruhusu, na boti ya pili Mungu akijaalia. Wenye madeni ya ada, mshika fedha yupo dikoni kila siku baada ya Alasiri, na daftari liko wazi.