Anayetaka kitanzi aambiwe habari ya damu kwanza

Mhariri,

Assalaam alaykum. Huku Pemba mazungumzo ya kitanzi, kile kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya fuko la uzazi, huishia palepale: kinapanda moyoni, kinamchoma mume, mtoto huzaliwa nacho mkononi. Kinachotusumbua zaidi sisi wakunga ni lile lisilosemwa, nalo ni damu. Kitanzi cha shaba kikitolewa kabla ya muda wake, aghlabu si kwa kuwa mtu kashika mimba. Mimba huingia kwa pungufu ya mwanamke 1 katika 100 mwaka wa kwanza. Hutolewa kwa sababu siku zimekuwa nyingi na nzito, na hakuna aliyemuonya.

Basi tuseme. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hedhi huzidi, tumbo husokota, na katikati ya mwezi huweza kuonekana matone. Kwa wengi hutulia baada ya hapo. Ibuprofen miligramu 400 mara 2 kwa siku, baada ya kula, kwa siku 5, hupunguza damu na maumivu. Mwenye vidonda vya tumbo asiitumie, na aspirini isimezwe kabisa maana huongeza damu. Aliye na upungufu wa damu, na siku zake tayari nzito, aulizie kitanzi cha homoni, ambacho hupunguza hedhi, ingawa hakipatikani kila kituo.

Kwetu jambo hili linagusa ibada pia. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, hedhi haivuki siku 15. Damu ikizidi hapo ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi: mwanamke hujisafisha, huvaa pedi, hutia udhu kwa kila faradhi wakati ukishaingia, na saumu yake haimuondokei. Matone yasiyoeleweka aulize mashekhe, si jirani. Asiyetaka kuhangaika Ramadhani akiweke Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, asingoje Shaabani. Na ikiwa Ramadhani imeshaingia, aje akiwa katika siku zake: hafungi, hakuna shaka ya mimba, na kitanzi huwekwa hata damu ikiwa inatoka.

Kazi yenyewe mara nyingi haizidi robo saa. Mkunga hupima kwa vidole kujua fuko la uzazi limeinamia mbele au nyuma. Akiruka hatua hiyo ndipo kulitoboa fuko kunapokuwa karibu, hasa kwa anayenyonyesha. Husafisha mlango wa kizazi kwa iodini, huushika kwa koleo na kuuvuta taratibu njia inyooke, kisha hupima kina cha fuko. Sentimita 6 hadi 9 ndizo tunazotarajia. Chini ya 6, asiweke. Kitanzi kina umbo la T na hakifiki sentimita 4. Mikono ya hiyo T hukunjwa ndani ya mrija wa kukiwekea kikiwa bado pakitini, na isikae imekunjwa zaidi ya dakika 5, la sivyo haifunguki sawasawa. Mrija ukifika juu ya fuko, ndio unaorudishwa nyuma huku kijiti cha ndani kimeshikwa kimya. Anayekisukuma kijiti badala ya kurudisha mrija anatafuta balaa.

Mwisho ni nyuzi. Zikikatwa fupi mno husimama kama sindano na kweli humchoma mume. Zikiachwa sentimita 3 au 4 hulainika na kujilaza kando ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo mume anayelalamika hana uzushi, na dawa yake ni kumrudia mkunga, si kuking'oa nyumbani.

Kupanda moyoni hakuna, njia hiyo haipo. Kutoka chenyewe kupo, hasa miezi ya mwanzo na wakati wa hedhi, kwa hiyo pedi itazamwe kabla ya kutupwa. Anayetaka kujihakikishia anawe mikono, achutame, aziguse nyuzi kwa kidole. Akigusa kitu kigumu, kitanzi kinashuka: atumie kondomu na aende kituoni. Nyuzi zikipotea, kwanza apimwe mimba, kisha ultrasaundi. Homa pamoja na maumivu chini ya kitovu, au hedhi kukosekana, si mambo ya kungojea Jumatatu. Mimba ikiingia kitanzi kikiwa ndani huenda imetunga nje ya fuko.

Asiwekewe mjamzito, anayetokwa na damu isiyojulikana sababu, mwenye kisonono au usaha, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, wala ambaye uvimbe umelipinda fuko. Aliyejifungua huwekewa ndani ya dakika 10 baada ya kondo kutoka, au kabla ya saa 48. Akikosa hapo asubiri wiki 4. Cha baada ya kujifungua huchomoka zaidi, naye aelezwe hivyo.

Shaba hufanya kazi miaka 10 au zaidi kwa kuzidhoofisha mbegu za mume zisilifikie yai. Haikingi Ukimwi wala kisonono.

Lililobaki ni kwa wenzetu wa vituoni. Mwanamke akija kusema damu imemshinda, mpeni dawa na mumuulize kama angependa kusubiri. Akisema hapana, kitoeni siku hiyohiyo. Ni kuvuta nyuzi taratibu, na uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Kumwambia "kavumilie, bibi" mara ya tatu ndiko kunakowafanya shoga zake wote wakikimbie kitanzi.

Wakunga, Wete, Pemba