Msimwachishe mtoto ziwa kabla ya kumuuliza mama anakula nini

Mhariri,

Mwanangu alikuwa na wiki tano nilipoona nyuzi za damu kwenye nepi, zimechanganyika na ute kama makamasi. Hakuwa na homa, alinyonya vizuri, na kila kliniki mstari wa uzito kwenye kadi yake ulipanda. Jirani mmoja alisema ni mchango. Mwingine akasema ni meno ya plastiki, yale yanayodaiwa kuota kwenye fizi za kichanga na kumletea ugonjwa, akataka kunipeleka kwa mtu anayeyang'oa. Namshukuru Mungu sikwenda, maana watoto huumizwa fizi na wengine hufa kwa jambo hilo.

Zahanati nilipewa dawa ya kuhara damu. Chupa ikaisha, damu ikabaki. Aliyenitisha zaidi ni muuzaji wa duka la dawa: "Maziwa yako mabaya, mwachishe, mpe ya kopo." Nusura ninunue.

Daktari wa watoto niliyemwona baadaye alimkagua mtoto, choo kikapimwa, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: unakula nini? Nikamtajia mtori uliokorogewa maziwa, chai ya maziwa asubuhi na jioni, na maziwa ya mgando ambayo mama mkwe alikuwa akiniletea kwa kibuyu kutoka Kibosho kila Jumamosi. Akanieleza kwamba protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama hupita kidogo kidogo hadi kwenye maziwa yake, na wapo watoto wachache ambao utumbo wao huikataa mpaka ukavimba na kutoa damu. Maziwa yangu hayakuwa na ubaya wowote. Na lile kopo nililotaka kununua limetengenezwa kwa maziwa hayohayo ya ng'ombe! Ya mbuzi nayo hayakufaa, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Nikaacha maziwa, siagi, mtindi, hata biskuti zenye unga wa maziwa. Kazi ilikuwa kumweleza mama mkwe. Aliweka kibuyu chini, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mzazi asipokunywa maziwa, mtoto atanyonya nini?" Nikamwonyesha nepi. Jumamosi iliyofuata alikuja na ndizi na mifupa ya supu, akapika mtori mwenyewe bila tone la maziwa. Siku nyingine nilikula dagaa na mchicha wa nazi, pamoja na vidonge vya kalsiamu alivyoniandikia daktari.

Wiki ya tatu nepi zilikuwa safi. Daktari akaniambia ninywe tena maziwa ili tuwe na hakika. Siku ya pili damu ikarudi, nikaacha. Mtoto alipofikisha miezi 11 tulijaribu tena kwa maelekezo yake, na hakudhurika. Sasa anakunywa mgando wa bibi yake.

Siwaambii akina mama waache vyakula kwa kubahatisha. Anayenyonyesha akijinyima ovyo atadhoofika. Na damu kwenye choo cha mtoto lazima ionwe na daktari. Akiwa na homa, akilegea au akikataa ziwa, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Ombi langu ni kwa wauguzi wa kliniki na wauza dawa. Kila Agosti, tarehe 1 hadi 7, katika Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, tunafundishwa kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Basi mama akija na nepi kama yangu, aulizwe anakula nini kabla ya kuambiwa aachishe.

Mama Baraka,
Moshi