Mdogo wangu anapelekwa Dubai kazini kwa viza ya matembezi

Mpendwa mshauri,

Salaam kutoka Mwanza. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na ndiye mkubwa kwetu. Mdogo wangu anayenifuata ni fundi umeme, kasomea VETA hapahapa Nyakato, na kazi anaiweza. Amepata wakala wa kumpeleka Dubai kufunga nyaya kwenye majengo. Wakala anataka shilingi milioni nne na nusu. Baba amekubali kuuza mtumbwi pamoja na mashine yake, na mnunuzi kutoka Igombe ameshakuja kuukagua.

Simpingi kwenda. Kazi za hapa ni za kuokoteza: leo kaitwa kwenye nyumba ya mtu Buswelu, halafu anakaa wiki nzima bila simu ya mteja. Kinachoninyima usingizi ni karatasi.

Viza aliyotumiwa kwenye simu nimeisoma mwenyewe. Ni ya matembezi, ya siku 60, na jina la mwajiri halimo. Mkataba nao ni ukurasa mmoja. Mshahara umejazwa kwa kalamu, dirham 2,500, na pale pa mwajiri kusaini ni peupe. Nilipomuuliza wakala alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, hiyo ni ya kuingilia tu. Ya kazi inabadilishwa kulekule, wote wanafanya hivyo." Na kweli, kuna kijana wa jirani yetu aliondoka hivyohivyo, akapata kampuni ikamtengenezea vibali, na leo anawatumia wazazi wake hela. Hilo ndilo linalompa baba nguvu, kila nikifungua mdomo ananitajia kijana huyo.

Nimeulizia na nimesoma. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, nchi ilimo Dubai, ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe kwa mkono wake au kwa kupitia mtu mwingine. Inamkataza pia kumshikia hati zake, pasipoti ikiwemo. Utaratibu wenyewe ni kwamba mwajiri anaomba kibali cha kazi kwenye wizara yao, mfanyakazi anasaini hati ya ofa yenye mshahara na masharti, kisha inatoka viza ya kuingilia kazini. Akishafika anapimwa afya, anapewa kitambulisho cha mkaazi, na mkataba unasajiliwa. Mwaka 2024 wakakaza zaidi: anayemfanyisha mtu kazi bila kibali faini yake inaanzia dirham 100,000 na inafika milioni moja. Sasa kama huyo mwajiri yupo na kazi ipo, kwa nini akubali kuingia kwenye hatari hiyo wakati anaweza kuomba kibali mdogo wangu akiwa bado yuko nyumbani?

Tena siku za viza zikipita, kila siku ni faini ya dirham 50, zaidi ya dola 13, na inamhusu yeye, si wakala. Akifanyishwa kazi mwezi mzima asilipwe, atakwenda kushtaki kwa mkataba upi?

Hapa kwetu pia najua kwamba wakala wa ajira binafsi lazima awe amesajiliwa kwa Kamishna wa Kazi. Nilimwomba huyu anionyeshe usajili wake. Akanitolea leseni ya biashara ya kawaida, imeandikwa huduma za steshenari na ushauri wa safari. Nilipowaeleza nyumbani, mdogo wangu alisema naogopa kubaki na mzigo wa wazee peke yangu. Liliniuma, kwa sababu ada yake ya VETA ilitoka kwenye hizihizi dagaa. Baba yeye anasema mtoto wa kiume hafungiwi ndani.

Mtumbwi huo ndio unaotulisha. Baba haingii tena ziwani, ila vijana wanaouendesha wanamletea fungu lake, na wadogo zetu wawili bado wako shule. Ukiuzwa na safari ikaharibika, hatuna kingine cha kuuza.

Wakala anataka hela zote kabla ya mwisho wa mwezi. Nimfuate yule mnunuzi wa Igombe nimsihi asubiri, nikijua baba ataona nimemvunjia heshima mbele za watu? Au nimchukue mdogo wangu twende ofisi ya kazi ya mkoa, asikie kwa masikio yake kutoka kwa ofisa, maana maneno yangu ameshayachoka? Nimemwomba amwambie wakala alete jina la kampuni na hati ya ofa kabla hatujatoa hata shilingi. Anaona aibu, anasema nafasi itakwenda kwa mwingine.

Naomba pia unieleze kuhusu TaESA, huduma ya ajira ya serikali yetu. Fundi umeme wa Mwanza asiye na mtu Dar es Salaam anaanzia wapi kwao ili apate mwajiri wa nje mwenye kibali? Nikiwa na njia nyingine ya kumwonyesha baba, nadhani atanisikiliza.

Dada mkubwa,
Kirumba, Mwanza